Vibuyu vya Rangi ya Buluu

Ile michoro ya buluu kwenye milango ya ploti yetu niliichora mimi. Nasema mapema kwa sababu nimesikia watu wakisimulia mambo ya ule wakati, kila mtu na maneno yake. Mmoja anasema ilichorwa na watu wa siasa. Mwingine anasema walilala hakuna kitu, wakaamka ikiwa pale. Sivyo. Ilitoka kwa kopo la rangi lililobaki mlango wa shule ulipopakwa, na mkono ulioshika brashi ni huu ninaoandikia.

Tulikuwa tukikaa Kianda, Kibera, upande wa kwenda Olympic, ploti ya vyumba vya kupanga. Mjukuu wangu alikuwa darasa la nne katika shule ya mabati iliyokuwa hatua chache kutoka kwetu. Mama yake alikuwa na kazi ya nyumbani Mombasa, kwa hivyo mkutano wa wazazi ukiitwa, mzazi ni mimi. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, Kitui, lakini kwenye mkutano sikai nyuma.

Mwezi wa kumi na moja mwalimu mkuu alituita. Alisema Januari shule ikifunguliwa tutakuwa na siku ya mila na historia. Kila jamii itakuwa na meza yake, iweke vitu vya zamani, na mtu mzima asimame hapo awaeleze watoto babu zao waliishi vipi. Alitaka wazazi wa kujitolea. Tulijitolea watatu. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mama mmoja Mjaluo aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale kwenye kona, mtu wa kucheka kwa sauti. Wa tatu ni mshonaji, Mkikuyu, aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwangu na watoto wake wawili, mmoja wao darasa moja na mjukuu wangu, na cherehani. Mwenye omena aliniita dani, mshonaji aliniita cucu, mjukuu aliniita susu, na mtaa wote uliniita shosho. Yote ni bibi, niliitikia yote.

Siku ya kugawa meza tuligombana.

"Kiondo ni chetu," akasema mshonaji.

"Chenu tangu lini? Wewe hata kusokota mkonge kwenye paja hujui."

"Cucu, mama yangu amesuka viondo mpaka vidole vikapinda."

"Basi alifundishwa na Mkamba."

Mwenye omena alikuwa amejishika mbavu. "Hawa wanapigania kikapu! Mimi nitaleta samaki, tuone kama kuna mtu atasema samaki ni wa kwao."

Mwalimu mkuu akakata maneno. Kiondo kiende kwa Wakamba, kibuyu kwa Wakikuyu, chungu kwa Wajaluo, ngoma kwa Waluhya. Mshonaji alinuna kidogo, kisha akasema ana kibuyu cha uji alichoachiwa na mama yake, na kitashinda viondo vyote vya Kitui. Nikamwambia tutaona.

Sasa ikabaki kazi ya kujua nani analeta nini. Mwalimu mkuu alikuwa na majina kwenye daftari, lakini majina ya daftari hayajulikani mtaani. Ukiuliza mtu kwa jina lake la kitambulisho, hata jirani yake atakwambia hamjui. Nyumba hazina namba. Mimi ndiye niliyesema tufanye kama watu wa chanjo. Wao wakimaliza kuwapa watoto matone huchora alama mlangoni, mwenzao akija anajua. Sisi tuchore kibuyu, kiondo, chungu au ngoma. Siku ya kukusanya vitu hatutauliza mtu, tutasoma mlango.

Walinipigia makofi. Naandika hilo pia.

Mwalimu mkuu akaniletea chaki. Nikaikataa. Chaki inafutwa hata na bega la mtu akipita, na mimi sipendi kazi ya kurudia. Nikaomba lile kopo la rangi ya mafuta.

Tulipita mlango kwa mlango kwa siku mbili. Mshonaji alinishikia kopo, mwenye omena akagonga na kueleza. Watu walifurahi. Mzee mmoja tu, fundi wa viatu mwishoni mwa laini yetu, safu yetu ya vyumba, alinitazama nikimchorea ngoma yake, akauliza, "Hii inatoka?"

"Haitoki."

"Kwa hivyo mnaandika watu."

"Tunaandika meza, mzee."

Alibaki amesimama na kiatu cha mtu mkononi mpaka tulipopita.

Kwenye laini yetu kulikuwa na milango kumi na minne. Mitano haikuwa na mtoto shuleni, hatukuichora. Vibuyu vilikuwa vitatu. Mlango wa mshonaji niliuacha mwisho, kwa sababu alitaka kikubwa.

"Na ukinyooshe shingo, cucu. Vyako vyote vimelalia kushoto kama vina usingizi."

Ni kweli. Sijui kwa nini, mkono wangu hauwezi kuchora shingo ya kibuyu ikasimama. Hata chake kikalalia kushoto. Akacheka, akasema basi, akiamka saa za kushona watasinzia pamoja.

Krismasi ikaja, watu wengine wakaenda kwao mashambani. Wale wawili wengine wenye vibuyu walifunga kufuli wakaondoka na watoto wao. Kura ya urais ya 2007 ikapigwa. Tukakaa siku za kungojea, redio kila nyumba. Jumapili jioni matokeo yakasomwa, rais Mkikuyu akatangazwa mshindi, na kabla yule msomaji hajamaliza, nilisikia sauti ikitoka upande wa Silanga. Haikuwa kelele ya watu ninayoijua. Ilikuwa kama mabati yote ya Kibera yanakwaruzwa kwa pamoja. Nilifunga mlango nikaweka meza nyuma yake.

Kulipopambazuka nilitoka kutazama. Njia ilikuwa tupu. Hakuna mtu anayeuza chai, hakuna redio, hakuna mtoto anayelia. Moshi ulikuwa umekaa chini, usawa wa magoti. Nikageuka kurudi ndani, nikakiona mlangoni pangu.

Kibuyu.

Mimi nilikuwa nimejichorea kiondo. Kiondo kilikuwa pale, buluu, na juu yake kibuyu kikubwa cha makaa, cheusi, kikikifunika. Nikatazama mlango wa pili. Kibuyu. Wa mwenye omena, kibuyu. Wa fundi wa viatu, kibuyu juu ya ngoma. Ile milango mitano ambayo sikuichora kitu, vibuyu. Mlango wa choo cha ploti, kibuyu. Na vyote, kimoja baada ya kingine mpaka mwisho wa laini, shingo zimelalia kushoto.

Ule ulikuwa mkono wangu. Nilisimama pale nikatazama viganja vyangu kama vina masizi. Nilivinusa. Mtu wa miaka yangu anajijua, sijawahi kutembea usingizini, lakini asubuhi ile sikuwa na hakika. Kumi na vinne, na cha choo. Nilihisi kama nilianzisha kitu mwezi wa kumi na moja na chenyewe kikaendelea kujichora bila mimi.

Nikaenda kwa mshonaji. Mlango wake ulikuwa na kufuli kwa nje. Nikasema afadhali, amekimbia.

Kisha nikafikiri kwa haraka, na hapo ndipo nilipokosea. Niliona hivi: kuna mtu ametuandika sisi sote. Wakija wasiotujua, sote tutahesabiwa watu wa kibuyu. Nilikuwa na mjukuu ndani. Nikachukua mtungi wa maji, sabuni ya unga na tambara, nikaanza kusugua.

Mwenye omena akafungua mlango kidogo. "Dani, unafanya nini?"

"Tazama mlango wako."

Akatazama. Akaingia ndani, akatoka na ndoo yake. Tulisugua milango yote ya laini, yeye upande huu, mimi upande ule, maji meusi yakitiririka mtaroni. Makaa yanatoka upesi. Tulipofika kwenye vile vibuyu vitatu vya buluu, tulisugua kwa waya wa sufuria, nikajaribu mafuta ya taa, nikajaribu kisu. Rangi ya mafuta haikusogea.

"Wacha hivyo," akasema mwenye omena. "Hivyo ni vya shule, kila mtu anajua."

Saa nne laini yetu ilikuwa safi. Niliona fahari kidogo. Nilikaa ndani nikampa mjukuu uji.

Walikuja mchana, jua likiwa katikati. Nilikuwa nikiwatazama kupitia tundu la msumari. Walikuwa kama kumi, si wa ploti yetu, hakuna hata mmoja niliyemjua. Hawakupiga kelele. Afadhali wangepiga. Walitembea polepole wakitazama milango, mmoja mmoja, vile mtu anavyotafuta nyumba aliyoelekezwa. Walipita kiondo changu. Walipita chungu cha mwenye omena. Mbele ya kibuyu cha kwanza wakasimama. Mmoja akakipitisha kidole, shingoni mpaka tumboni.

"Hii ni ya nini?"

"Si ni ya chanjo?"

"Ya chanjo si hivi. Hii ni ya wale. Dada yangu ako hiyo shule, alisema kibuyu ni wale."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakukuwa tena na vibuyu kumi na vinne vya kuwachanganya. Kulikuwa na vitatu, na laini nzima ilikuwa imesuguliwa ikang'aa ili vionekane vizuri.

Nilitoka. Nilisimama mlangoni na fimbo yangu, nikasema, "Hiyo ni ya shule. Ni kazi yangu. Acheni nyumba za watu."

Mmoja wao akanigeukia. Kijana msafi, shati limechomekwa. Akaniambia kwa adabu, vile wangu mwenyewe angeniambia, "Shosho, rudi ndani. Jua ni kali."

Nikarudi. Ningeweza kuandika kwamba nilisukumwa. Sikusukumwa. Aliniambia kwa upole, nikarudi, nikafunga.

Nilisikia kufuli zikivunjwa, tatu. Nilisikia cherehani ikitolewa. Ile ya mguu ina mlio wake ikiburutwa. Vitu vingine vilichomwa pale njiani. Hakuna aliyeumizwa katika laini yetu, kwa sababu nyumba zote tatu hazikuwa na watu, na hilo si kwa akili yangu. Moshi ulipopungua nilifungua mlango. Kwenye kizingiti changu, kimewekwa wima na jiwe dogo kando kisianguke, palikuwa na kibuyu cha uji cha mama yake mshonaji. Hakikuwa na ufa. Sijui aliyekiweka. Labda ni yule wa shati. Labda aliona ni kitu cha shosho, akampelekea shosho. Nilikiingiza ndani nikakifunika na leso, kwa sababu sikuweza kula nikikitazama.

Shule ilichelewa kufunguliwa. Ilipofunguliwa madawati mengi yalikuwa wazi, na mjukuu aliniambia kwamba mwalimu akiita majina, watoto huitikia kwa ajili ya wasiokuwepo. Nilidhani ni mchezo. Nilipita siku moja nyuma ya mabati nikasikia mwenyewe. Jina linaitwa, kunakuwa kimya kidogo, kisha sauti nyembamba kutoka mahali fulani: "Yuko." Mwalimu hakuwakataza. Jina la mtoto wa mshonaji liliitwa, na aliyejibu "yuko" alikuwa wangu.

Mwishoni mwa Februari mwalimu mkuu aliniita. Mshonaji alikuwa ametuma mtu kuomba barua ya uhamisho wa mtoto. Alikuwa Kawangware kwa dada yake.

"Shosho, wewe na yeye mnaelewana," akasema. "Nenda umwombe arudishe mtoto. Mwambie ile siku yetu ya mila bado tutaifanya, muhula wa pili, na tunamtaka mezani kwake. Akirudi yeye, wengine watarudi."

Nilikubali, lakini safari yangu ilikuwa nyingine. Tangu siku ile nilikuwa nimekaa na neno moja. Yeye alijua mlango wake ulivunjwa. Hakujua nani aliyeufanya uonekane.

Nilikwenda kwa miguu, kibuyu ndani ya kiondo mgongoni. Nilipita Ayany, nikatoka Ngong Road, nikashika njia ya Dagoretti Corner mpaka Kawangware. Watu walinisalimia vizuri kote. Kawangware, kabla ya kufika nilikoelekezwa, nilipita ploti moja milango yake ikiwa wazi, vyumba vitupu, na kwenye kila mlango msalaba wa chaki. Nikamuuliza mama aliyekuwa akikaanga viazi nje wenyewe wako wapi. Akasema walikuwa watu wa magharibi, Wajaluo na Waluhya, walihama. Akageuza viazi vyake. Kwa hivyo huku nako kulikuwa na mtu mwenye mkono wake.

Mshonaji alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya dada yake, akipinda suruali kwa sindano ya mkono. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliruka.

"Cucu! Umetembea mpaka huku na hiyo miguu?"

"Hii ndiyo niliyonayo."

Nikatoa kibuyu. Akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akanusa mdomo wake. Hakulia. Aliuliza cherehani, nikatikisa kichwa. Akasema alijua.

"Ila kuna kitu sielewi," akasema. "Nimekifikiria kila siku. Waliujuaje mlango wangu? Mimi niliichora yote."

Nikaweka kiondo chini.

"Sikukwambia. Alfajiri ile, nikitaka kuwapeleka watoto kujificha kanisani kule Ayany, niliona kile kibuyu chako kikubwa na shingo yake, nikasema, hiki kitanitaja. Kutoa hakitoki. Basi nikachukua makaa, nikachora laini nzima. Hata choo! Nikazilaza shingo kushoto zote, zifanane na zako." Akacheka kidogo. "Nikasema, wakikuta vibuyu kila mahali watachoka, wataenda. Cherehani nitaifuata baada ya siku mbili. Na watu wangu wa laini hawatadhurika, maana wako hapo wenyewe, mtu akigongewa atasema lugha yake, aachwe. Labda ilinyesha?"

Haikuwa imenyesha. Angeweza kumuuliza mtu yeyote wa Nairobi akaambiwa haikunyesha. Nadhani alikuwa ananipa mlango wa kutokea, bila kujua au akijua. Sikuupitia.

"Nilifuta mimi," nikamwambia.

Sindano ikasimama.

"Mimi na mwenye omena, lakini neno lilikuwa langu. Niliona makaa mlangoni, nikafikiri tumeandikwa tuuawe. Nilisugua yote. Makaa yakatoka, ya buluu yakabaki. Walipokuja hawakuwa na kazi ya kutafuta."

Ndani ya nyumba watoto wake walikuwa wakisoma kwa sauti, sentensi moja, wakirudia na kurudia. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejitayarisha nalo. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa.

"Ulianza na mlango wa nani?"

"Wangu."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepimiwa kitambaa na kukubali ni sawa.

"Na mimi nilianza na wako," akasema. "Nilisema, cucu ni mkali. Hata wote wakiogopa wafute, wake utabaki."

Akaendelea na suruali. Nilimpa ujumbe wa mwalimu mkuu. Akasema nimwambie asante, lakini mtoto atasoma huku. Kibuyu alikiweka mapajani chini ya ile suruali, akashona juu yake. Nilipoinuka hakuniambia nikae, wala hakunifukuza. Alinisindikiza mpaka barabarani, vile mgeni anavyosindikizwa, na akanishikia kiondo mpaka nikavuka.

Siku ya mila tuliifanya muhula wa pili, kama ilivyosemwa. Watoto waliimba, mwenye omena alikaanga samaki mpaka majirani wakaja na sahani. Nilisimama kwenye meza yangu nikaeleza mkonge. Kulikuwa na meza nne, na ya tatu, ile ya kibuyu, ilikuwa na kitambaa cheupe kilichonyooshwa vizuri, bila kitu juu na bila mtu nyuma yake. Mwalimu mkuu hakutaka kuiondoa. Watoto walipita kwenye foleni yao, meza ya kwanza, ya pili, na walipofika ya tatu walisimama muda ule ule waliosimama kwingine, wakitazama kitambaa, kisha wakasogea. Hakuna aliyewaambia.

Jioni tulipokuwa tukirudisha viti stoo, niliona lile kopo. Rangi ilikuwa imefanya ngozi juu, lakini chini ilikuwa nzima. Nililibeba nyumbani. Nilichora kibuyu juu ya kiondo changu, kikubwa, na shingo ilikolalia nikaiacha ilale. Mwenye omena alinitazama kutoka kwake, mikono kiunoni.

"Dani, hiyo haitatoka."

"Najua."

Mpaka leo kiko. Mwenye ploti alilalamika akachoka. Watu wa chanjo ndio wanaonisumbua, kila mwaka wapya. Wanasimama mlangoni na makaratasi yao, wanakitazama, wanatafuta kwenye orodha yao, kisha wananiuliza hiki ni cha kampeni gani. Nawaambia si chao, wapite.